Soya: kupanda mapema, katikati ya msimu au kwa kuchelewa?

Kila msimu swali hurudi lilelile. Shamba limeandaliwa, mbegu ziko tayari, udongo umeanza kupata joto au mvua ya kwanza imeshuka, na mwenye shamba bado anasita: nipande leo, nisubiri majuma mawili, au nivune kwanza zao lililopo ndipo niweke soya? Mmoja humwambia awahi. Mwingine humkumbusha waliowahi wakalazimika kupanda upya. Wote wawili wana haki, maana kila mmoja anazungumzia shamba lake.

Nimeandika ulinganisho huu kwa ajili ya aliyekwama hapo. Sitaji tarehe za kalenda, kwa kuwa tarehe iliyo ya mapema mahali pamoja ni ya kuchelewa mahali pengine. Ninaposema *mapema* nina maana ya siku za kwanza kabisa ambazo joto la udongo au mvua vinaruhusu mbegu kuingia ardhini. *Katikati* ni majuma mawili au matatu baadaye, hali ikiwa imetulia. *Kuchelewa* ni mwezi mzima au zaidi tangu siku hizo za kwanza, iwe ni kwa sababu mvua ilikawia, mbegu zilichelewa kupatikana, au shamba lilikuwa na zao lingine.

## Kwanza, soya huhesabu nini?

Mwaka 1920 watafiti wawili wa Wizara ya Kilimo ya Marekani, W. W. Garner na H. A. Allard, walichapisha matokeo ambayo kila mkulima wa soya angefaa kuyajua. Walipanda soya ya aina ya Biloxi kwa awamu, kila awamu ikipishana na nyingine. Mtu angetegemea kila awamu ichanue kwa zamu yake, iliyotangulia itangulie na iliyofuata ifuate. Haikuwa hivyo. Zote zilichanua karibu wakati mmoja, mwezi Septemba. Soya haikuwa ikihesabu siku tangu ilipopandwa. Ilikuwa ikipima urefu wa usiku.

Huo ndio msingi wa mambo yote yanayofuata. Soya ni mmea wa siku fupi: usiku unapofikia urefu fulani, ambao hutofautiana kati ya aina na aina, mmea hugeuka kutoka kujenga majani na kuanza kutoa maua. Kwa hiyo anayechelewa kupanda hausogezi msimu mzima mbele. Kwenye maeneo ya latitudo za kati wakulima hutumia kipimo hiki: ukichelewesha kupanda kwa siku tatu, kukomaa husogea kwa siku moja hivi. Mashamba mawili yaliyopishana siku 30 wakati wa kupanda yatapishana siku kama 10 wakati wa kuvuna.

Zile siku 20 zimekwenda wapi? Zimekatwa kwenye maisha ya mmea, na sehemu kubwa hukatwa mwanzoni, wakati mmea unajenga shina, matawi na vifundo, yaani sehemu za shina ambako majani hutokea. Hapo ndipo hasara huanzia, kwa sababu ua la soya hutokea kwenye kifundo. Majaribio ya Nebraska, Marekani, yalionyesha kwamba mmea ukishatoa jani lake la kwanza la vijani vitatu, huongeza kifundo kipya kila baada ya siku 3.7 hivi, uwe umepandwa mapema au umechelewa. Siku kumi zilizopotea ni karibu vifundo vitatu kwa kila mmea, na hekta moja inaweza kubeba mimea laki tatu.

Karibu na ikweta hesabu hubadilika. Kwenye ikweta yenyewe mchana hudumu saa 12 na dakika chache mwaka mzima, ilhali kwenye latitudo ya 40 mchana mrefu kuliko yote hufikia saa 15 hivi. Aina iliyozoea latitudo za juu ikiletwa karibu na ikweta hukuta usiku mrefu tangu inapoota. Huchanua ingali fupi na kubeba maganda machache. Brazil ilivuka kikwazo hicho kwa kuzalisha aina zenye utoto mrefu, yaani zisizoitikia usiku mpaka ziwe zimejenga mwili kwanza, na aina hizo ndizo zilizoiwezesha soya kuenea kwenye nyanda za Cerrado. Katika ukanda huo wa joto, tarehe ya kupanda huamuliwa zaidi na maji: mvua inaanza lini, inakatika lini, na maganda yatajaa katika kipindi gani.

## Vigezo vya kulinganisha

Nimezipima njia tatu kwa mambo matano: namna mbegu zinavyoota na mimea inavyosimama shambani, ukuaji na muda wa kukomaa, mavuno, hatari za hali ya hewa, wadudu na magonjwa, na uvunaji pamoja na ubora wa punje. Baada ya hapo nataja njia hiyo inamfaa nani.

Si vigezo vyenye uzito sawa. Ningeombwa nichague kimoja cha kuanzia, ningeuliza hivi: punje zitakuwa zinajaa lini, na hali itakuwaje siku hizo? Soya ni mmea mvumilivu mwanzoni. Hudondosha zaidi ya nusu ya maua yake hata katika msimu mzuri, na ukame mfupi wakati wa kuchanua unaweza kufidiwa na maua yatakayofuata. Punje zikishaanza kujaa, uvumilivu huo huisha. Mmea ukipoteza majani yake yote katika hatua hiyo, robo tatu ya mavuno au zaidi huenda nayo. Maji yakikatika hapo, punje huwa ndogo na maganda ya juu hubaki matupu. Kwa hiyo tarehe ya kupanda ipimwe kwa kuitazama hatua ile ya mbali, hata kama macho yote yako kwenye udongo wa leo.

## Kupanda mapema

Kuota. Hapa ndipo njia hii inapojaribiwa vikali zaidi. Mbegu ya soya huota vizuri kwenye udongo wenye nyuzi 25 hadi 30 za Selsiasi, na huchukua chini ya wiki moja kuchomoza. Wengi wanaopanda mapema kwenye maeneo ya baridi hukubali udongo wa nyuzi 10 hivi, na hapo mbegu inaweza kukaa ardhini majuma mawili au hata matatu. Saa 24 za kwanza ndizo nyeti kuliko zote. Mbegu hunywa maji yanayokaribia nusu ya uzito wake, na maji hayo yakiwa ya baridi kali, ngozi za seli zake hupasuka kabla hazijajipanga. Mbegu ya namna hiyo huoza, au hutoa mche dhaifu. Kwa sababu hii utabiri wa siku mbili zijazo una maana kubwa kuliko wastani wa joto la mwezi: udongo unaoelekea kupata joto ni salama kuliko udongo uleule ukielekea kupoa.

Kwenye ukanda wa joto tatizo lina sura nyingine. Mvua ya kwanza hulowesha sentimita chache za juu, mbegu huvimba, kisha jua hupiga wiki nzima. Mbegu iliyokwisha kuvimba hairudi kulala. Anayepanda mapema huko achimbe kwanza aone unyevu umefika wapi. Kama mkono unakuta vumbi baada ya kina cha kidole, mvua hiyo haijatosha.

Ukuaji na ukomavu. Mmea uliowahi una muda wa kujenga vifundo vingi kabla usiku haujauamuru uchanue. Majani hufunga nafasi kati ya mistari mapema, magugu hukosa mwanga, na kwenye latitudo za kati mmea huwa tayari una majani ya kulipokea jua linapokuwa kali kuliko wakati wote wa mwaka. Msimu wake ni mrefu kwa jumla, ingawa unakomaa kabla ya mashamba mengine.

Mavuno. Nafasi ya mavuno makubwa iko huku. Katika majaribio yale ya Nebraska, kila siku iliyochelewa baada ya tarehe 1 Mei ilipunguza mavuno kwa kilo 17 kwa hekta mwaka 2003, na kilo 43 kwa hekta mwaka 2004. Nazitaja namba zote mbili kwa makusudi. Ni eneo lilelile na utafiti uleule, na bado mwaka mmoja adhabu ya kuchelewa ilizidi mara mbili ile ya mwaka mwingine. Kuwahi hufungua nafasi ya mavuno. Msimu wenyewe ndio huamua ni kiasi gani cha nafasi hiyo kitajazwa. Mwaka ambao maji yanakosekana wakati wa kujaa punje, vifundo vyote vile vya ziada havina cha kubeba.

Hatari. Jalidi, yaani baridi inayogandisha maji, ikija mwishoni mwa majira ya baridi huiumiza soya kuliko mahindi. Kichomozo cha mahindi hukaa chini ya udongo majuma kadhaa, lakini soya hutoka ardhini ikiwa imebeba kichomozo chake juu pamoja na majani ya mbegu. Jalidi ikikata chini ya majani hayo, mche umekufa. Shamba la kwanza kuchipua ndilo pia la kwanza kuonekana na wadudu: huko Marekani ya Kaskazini mbawakawa wa majani ya maharage hukusanyika kwenye soya iliyotangulia kwa sababu hakuna nyingine ya kula. Udongo wa baridi na maji mengi hupendwa na kuvu na viumbe wafananao na kuvu waozeshao mizizi, wakiwemo Pythium, na pia yule aletaye ugonjwa wa kufa ghafla kwa soya, ambaye huingia mizizini mapema na kuonyesha madhara miezi miwili baadaye. Dawa ya kuvu inayopakwa kwenye mbegu husaidia sana hapa.

Kuna upande mwingine wa sarafu hii kuhusu magonjwa. Kutu ya soya, ugonjwa wa kuvu unaoshambulia majani, husafiri kwa upepo na huongezeka kadiri msimu unavyosonga, hivyo shamba lililowahi mara nyingi limekwisha kujaza punje kabla mzigo wa vimelea haujawa mkubwa.

Uvunaji na punje. Shamba hukomaa mapema na kuachwa wazi. Brazil imejenga mfumo mzima juu ya jambo hilo: soya ya muda mfupi hupandwa mvua zinapoanza, huvunwa, na mahindi huingia kwenye ardhi ileile wakati mvua bado ipo. Ila kukomaa mapema kunaweza kukutana na joto na mvua, na punje iliyokauka ikaloweshwa tena na tena hukunjamana, hushikwa na ukungu na kupoteza uwezo wa kuota. Kwa anayeuza nafaka hiyo ni hasara kiasi. Kwa anayezalisha mbegu inaweza kuwa hasara ya shamba zima.

Inamfaa nani. Mwenye udongo unaopitisha maji vizuri, mbegu mpya yenye nguvu, na ama umwagiliaji au uhakika kwamba mvua itakuwepo punje zikijaa. Inamfaa pia anayetaka zao la pili, na mwenye eneo kubwa lisiloweza kupandwa kwa siku chache.

## Kupanda katikati ya msimu

Kuota. Hapa soya huota kwa urahisi kuliko popote. Udongo una joto, unyevu umeshuka chini, mimea hutoka kwa pamoja na kusimama kwa usawa. Usawa huo ni mali, kwa sababu mche unaochelewa wiki nzima nyuma ya jirani zake hufunikwa, na mwisho wake hubeba maganda machache au hakuna.

Ukuaji na ukomavu. Vifundo hupungua kidogo. Majuma mawili ya kusubiri husogeza kukomaa kwa siku nne au tano tu, na kazi ya shamba hubaki ilivyopangwa. Nafasi kati ya mistari bado inafungwa vizuri kwa upana wa kawaida.

Mavuno. Ukilinganisha karatasini, katikati hupoteza kidogo kwa kuwahi. Ukilinganisha na shamba lililowahi likaota nusu, katikati hushinda. Soya ina uwezo mkubwa wa kujaza mapengo kwa matawi, kwa hiyo shamba lililowahi likapungukiwa mimea kiasi lisihukumiwe haraka. Lakini linapolazimika kupandwa upya, tarehe ile ya mapema imegeuka kuwa tarehe ya kuchelewa, na gharama ya mbegu imelipwa mara mbili. Hili ndilo jambo ambalo wanaosifu kuwahi hulisahau mara nyingi.

Hatari. Wadudu wa mwanzo wametawanyika kwenye mashamba mengi, baridi imepita. Kinachobaki ni hatari ya ukame wa katikati ya msimu. Kama eneo lina kipindi kinachojulikana cha ukavu, mashamba ya katikati ndiyo yanayoweza kuangukia humo hasa. Wakulima wa Mississippi, Arkansas na Louisiana walilijua hilo kwa uchungu: walikuwa wakipanda aina za muda mrefu mwezi Mei na Juni, punje zikajaa wakati wa ukavu wa mwisho wa kiangazi. Wengi wao walihamia kupanda aina za muda mfupi zaidi mwezi Aprili, ili punje zijae kabla ya ukavu huo. Tazama kwamba walibadilisha mambo mawili pamoja, tarehe na aina. Tarehe peke yake isingetosha.

Uvunaji na punje. Hapa hakuna mengi ya kusema. Kimo cha mmea ni kizuri, ganda la chini halijashuka sana, na mara nyingi kukomaa hukuta hewa inaelekea kukauka.

Inamfaa nani. Mwenye udongo mzito unaoshika maji na kuchelewa kupata joto; mwenye mbegu ya nguvu ya wastani; anayepanda kwa mara ya kwanza; na yeyote ambaye hana namna ya kupata mbegu nyingine zile za kwanza zikiharibika.

## Kupanda kwa kuchelewa

Kuota. Joto si tatizo tena. Unyevu ndio tatizo, hasa baada ya zao lililonyonya maji yote ya juu. Mbegu inaweza kuhitaji kushushwa hadi sentimita 4 au 5 ili ifuate unyevu, lakini isizidi hapo, kwa sababu shina changa la soya hupinda na kuvuta majani mazima ya mbegu kupita kwenye udongo, na udongo ukiwa na gamba gumu juu shingo hiyo hukatika. Bakteria wa rizobia, wanaousaidia mmea kupata nitrojeni kutoka hewani, wakipakwa kwenye mbegu nao hufa upesi kwenye udongo wa moto na mkavu, hivyo mbegu ipakwe kivulini na ipandwe siku hiyohiyo.

Ukuaji na ukomavu. Kila kitu hubanwa. Mmea huchanua ukiwa mfupi, hukaa muda mfupi kwenye maua, na hufupisha hata kipindi cha kujaza punje. Mara nyingi majani hayafungi nafasi kati ya mistari, na mwanga unaoanguka kwenye udongo mtupu hulisha magugu. Dawa yake inajulikana: punguza nafasi kati ya mistari, kwa mfano kutoka sentimita 75 hadi 40 au pungufu, na ongeza mbegu kwa asilimia 10 hadi 20. Mimea mingi iliyosogeleana hufidia sehemu ya vifundo ambavyo kila mmoja umekosa. Sehemu tu, lakini ni fidia ya kweli, na kati ya hatua zote za kumwokoa aliyechelewa sijui nyingine iliyo rahisi kuliko hii.

Mavuno. Kwa kawaida huwa chini, na kadiri tarehe inavyosogea ndivyo kila siku inavyokuwa ghali zaidi. Hata hivyo mizani iwe ya haki. Kwa aliyechelewa kwa sababu alikuwa na ngano, soya hii ni mavuno ya pili katika ardhi ileile. Argentina hupanda eneo kubwa la soya ya pili namna hiyo baada ya kuvuna ngano. Kumlinganisha mkulima huyo na jirani aliyepanda soya peke yake ni kumwonea. Jumla ya mazao mawili ndiyo ihesabiwe.

Zaidi ya hayo, ziko sehemu na miaka ambapo aliyechelewa hushinda waziwazi: ukame ulipopiga katikati na mvua ikarudi mwishoni, punje zake zilijaa wakati za wengine zilikwisha kusinyaa.

Hatari. Kwenye nchi za baridi, hatari kubwa ni jalidi ya kwanza kukuta punje bado za kijani. Ganda la kwanza likishageuka rangi ya ukomavu kwenye shina, jalidi haina madhara makubwa tena. Ikija punje zinapojaa, mavuno hushuka na punje hubaki na rangi ya kijani inayoshusha thamani yake. Kwenye ukanda wa joto, hatari inayochukua nafasi ya jalidi ni mvua kukatika. Kwa vyote viwili swali ni lilelile: hesabu kurudi nyuma kutoka siku mmea utakapokosa maji au joto.

Kutu nayo humsubiri aliyechelewa. Ugonjwa huu ulionekana Uganda mwaka 1996 na Brazil mwaka 2001, na kote ulikopita umefundisha somo moja, kwamba soya ya mwisho kupandwa hupokea vimelea vilivyokuzwa na soya zote zilizoitangulia. Brazil iliweka kipindi cha lazima ambacho hakuna mmea wa soya unaoruhusiwa kuwa hai shambani, ili kukata mnyororo huo. Mahali penye kutu, anayechelewa aweke gharama ya dawa ya kuvu kwenye hesabu tangu mwanzo.

Uvunaji na punje. Mimea mifupi hubeba maganda ya chini karibu na ardhi. Kisu cha mashine kinachokata kwenye sentimita 10 kutoka chini huyaacha, na hasara hiyo haionekani mpaka mtu apige magoti ahesabu punje kwenye mabua yaliyobaki. Anayevuna kwa mkono hana tatizo hilo. Kwa upande wa punje yenyewe, kujaa katika hewa ya baridi hupunguza mafuta kiasi, jambo linalomgusa anayeuza kiwandani. Lakini kukomaa katika hewa kavu na tulivu huleta punje safi yenye uwezo mzuri wa kuota, na ndiyo sababu mzalishaji wa mbegu anaweza kuchagua kuchelewa kwa makusudi.

Inamfaa nani. Mwenye zao la kwanza lenye thamani, mwenye eneo ambalo mvua za mwisho ni za kuaminika kuliko za mwanzo, na mzalishaji wa mbegu kwenye sehemu ambazo ukomavu wa mapema huangukia mvua.

## Aina ya mbegu hubadilisha hesabu yote

Aina za soya zimegawanywa kwa makundi ya ukomavu, kuanzia 000 kwa maeneo ya latitudo za juu zaidi hadi kundi la 10 kwa ukanda wa tropiki. Kundi la ukomavu halina maana ya idadi kamili ya siku. Linaeleza jinsi aina hiyo inavyoitikia urefu wa usiku mahali fulani. Aina ileile ikihamishwa kuelekea ikweta itakomaa upesi zaidi.

Wengi wakichelewa hukimbilia mbegu ya muda mfupi. Wakati mwingine ni sahihi, na wakati mwingine ni kosa linaloumiza mara mbili. Kumbuka kwamba kuchelewa kwenyewe kumekwisha kuufupisha mmea. Ukiongeza juu yake aina inayowahi kuchanua, unapata kimmea chenye vifundo vichache kabisa. Kwenye maeneo yenye jalidi inayokaribia, hilo halina budi likubaliwe, maana punje chache zilizokomaa ni bora kuliko nyingi za kijani. Kwenye maeneo yenye mwisho mrefu wa joto na maji, ni afadhali kubaki na aina ya kawaida ili mmea upate muda wa kujenga mwili. Na ucheleweshaji wa majuma mawili au matatu tu haudai kubadili aina popote, kwa sababu mmea wenyewe hujirekebisha.

Tabia ya kukua pia ina neno lake. Aina zinazoendelea kurefuka baada ya kuchanua hutawanya hatari, kwa kuwa maua yao hutokea kwa majuma mengi. Aina zinazoacha kurefuka muda mfupi baada ya kuchanua hutegemea zaidi kile zilichojenga kabla ya ua la kwanza.

## Uchague vipi, kulingana na hali yako

*Udongo wako unapitisha maji, una umwagiliaji, na mbegu ni mpya.* Anza na siku za kwanza zinazoruhusu, paka mbegu dawa ya kuvu, na angalia utabiri wa siku mbili baada ya kupanda. Faida ya vifundo vingi unaweza kuilisha kwa maji.

*Mbegu zako zimekaa ghalani msimu mmoja au zaidi.* Soya huzeeka upesi kwenye joto na unyevu. Otesha mbegu 100 kwanza. Zikiota pungufu ya 80, ongeza kiwango cha mbegu na usiwahi, subiri udongo uwe tayari kabisa.

*Unategemea mvua, na mwanzo wa mvua hauaminiki.* Panda katikati, au gawa shamba. Sehemu moja iingie mvua inapofika kina cha kutosha, nyingine baada ya majuma mawili. Kwa kuwa mashamba hayo yatakaribiana wakati wa kukomaa, hakikisha una nguvu kazi ya kuyavuna karibu pamoja. Ukitaka mavuno yapishane hasa, pishanisha aina, maana tarehe pekee haitoshi.

*Kuna ukavu unaojulikana katikati ya msimu.* Tafuta siku ambazo punje za aina yako hujaa, kisha uzisogeze kabla au baada ya ukavu huo. Aina ya muda mfupi iliyowahi, au aina ya kawaida iliyochelewa, zote zinaweza kukufikisha. Iliyo katikati ndiyo ya kuepuka.

*Unataka zao la pili baada ya soya.* Wahi, kwa aina ya muda mfupi, na ukubali kupoteza kilo kadhaa za soya kwa ajili ya zao linalofuata.

*Soya ndiyo zao la pili.* Kila siku ina thamani. Panda siku ileile zao la kwanza linapoondoka ikiwa unyevu upo, kwa mistari ya karibu na mbegu za ziada.

*Unazalisha mbegu.* Lenga ukomavu uangukie hewa kavu, hata kama ni kwa kupoteza sehemu ya mavuno.

*Shamba limeota vibaya na unafikiria kulipanda upya.* Hesabu mimea hai katika sehemu kumi tofauti za shamba kabla ya kuamua. Kama nusu ya mimea iliyokusudiwa imesimama na imetawanyika vizuri, mara nyingi kuiacha hulipa kuliko kuing'oa. Kama mapengo ni marefu kuliko yale ambayo matawi yanaweza kuyafunga, panda kwenye mapengo hayo tu, na uvumilie kwamba kukomaa hakutakuwa kwa siku moja. Kwa bahati njema tofauti itakuwa ndogo kuliko unavyohofia, kwa sababu mimea ya kwanza na ya pili itakuwa ikipima usiku uleule.